Naomba ushauri: data za joto la friji zinaishia siku 30

Habari zenu wakuu. Nina kihisi kinachopima joto la friji ya chanjo za kuku kila dakika, kinatuma InfluxDB Cloud (hifadhidata ya mtandaoni ya vipimo), mpango wa bure. Ukomo wake wa kutunza data ni siku 30. Juzi nimetafuta ile siku umeme ulipokatika joto likafika nyuzi 11, grafu tupu. Nikafungua baketi (sehemu ya kuhifadhia data) ya pili ya wastani wa kila saa, ukomo ni uleule. Bahati nzuri faili ya CSV (jedwali la maandishi) ya vipimo vya miezi mitatu ninayo.

Nikilipia na kuweka siku 365, vipimo vilivyomo sasa navyo vitadumu mwaka, au ni vipya tu? Na ile CSV yenye tarehe za zamani, nikishaongeza muda itapokelewa? Natanguliza shukrani.