Ulinganisho: nipeli za pembe nne, nipeli za kampuni au zilizojificha ndani ya ringi, gurudumu lipi nitaweza kulinyoosha mwenyewe?

Kanyagia
Wakuu, natafuta gurudumu la nyuma na nimebaki na matatu mkononi.

La kwanza ni ringi ya alumini, spoku 32, nipeli (nati ndogo zinazokaza spoku kwenye ringi) za shaba za pembe nne, zile tulizozizoea wote. La pili linatoka kiwandani limeshafungwa: spoku 20 bapa za alumini na nipeli za muundo wa kampuni, zinataka spana yake yenyewe. La tatu ni ringi ya kaboni ambayo nipeli zake huzioni kabisa, zimezama ndani ya ringi.

Mambo ya uzito na bei niachieni mwenyewe. Ninachouliza ni kimoja: siku likianza kuyumba, lipi nitalinyoosha kwa mikono yangu bila kumtafuta fundi?

Spoku_Mbivu
La kwanza. Swali limejibiwa, tufunge uzi.

FundiHabu
Tusifunge haraka hivyo, maana hata hizo "za kawaida" hazilingani. Zipo za upana wa 3.23 mm na zipo za 3.45 mm, na tofauti hiyo usiyoiona kwa jicho ndiyo inayomaliza nipeli za watu. Ukiipa nipeli ndogo spana kubwa, itazunguka mara mbili tatu vizuri, kisha pembe zinaisha na unabaki na kitu cha mviringo kisichoshikika. Halafu lawama zinaangukia gurudumu.

Sasa hilo la pili. "Nipeli za kampuni" si kitu kimoja, kwa hiyo angalia ni za aina gani kabla hujalipa. Mavic wana ringi ambazo ukuta wake wa nje hautobolewi kabisa: matundu yako ukuta wa ndani tu, yamekatwa nyuzi kama za skrubu, na spoku inashikwa humo humo. Faida yake ni kwamba hakuna haja ya utepe wa ringi, ule wa kufunika matundu. Campagnolo nao wana ringi zisizo na matundu nje, ila nipeli inabaki ndani kama kawaida. Ukibadilisha nipeli unaiingiza kwa tundu la valvu ikiwa imeshikishwa kipande cha chuma, kisha unaiburuta kwa sumaku ukiwa nje ya ringi mpaka ifike kwenye tundu lake. Mara ya kwanza utaitafuta humo ndani ikigongagonga kama jiwe kwenye debe, ila ukishaielewa sumaku si kazi kubwa. Na yapo magurudumu ya Shimano ambayo nipeli ziko upande wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, si kwenye ringi. Asiyejua hilo atazunguka ringi nzima akitafuta pa kuweka spana.

Kunyoosha kwenyewe hakubadiliki: ringi ikivutwa kushoto, kaza spoku ya kulia, legeza ya kushoto, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Uzi wa spoku ya kawaida una mizunguko 56 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja mzima ni karibu 0.45 mm na robo ni kama 0.11 mm. Ni kidogo, lakini kwenye gurudumu la spoku 20 kila spoku imebeba eneo refu la ringi, na hiyo robo utaiona wazi.

Kingine kuhusu spoku bapa: usiizungushe nipeli peke yake. Shika ubapa wa spoku kwa kishikio chenye mfereji, karibu kabisa na nipeli, ndipo uzungushe. Usipofanya hivyo spoku inajisokota badala ya kukazika, na ukiendesha inajisokotoa yenyewe, gurudumu linarudi kulekule.

Dada_Gia
Mimi natumia hayo ya kampuni na nadhani mnayaonea. Spana yake ina meno mengi na inaikumbatia nipeli pande zote, si pande mbili tatu kama hizo za pembe nne. Nipeli ya alumini ya pembe nne naiogopa zaidi kuliko ya kampuni, maana ile alumini inachubuka hata spana ikiwa sahihi, ukikuta nyuzi zimekauka.

Tatizo lake ni moja tu: hiyo spana usiipoteze. Mimi nimeifunga kwenye mkoba wa tandiko pamoja na kijiti cha kushikia spoku, na hapo haiondoki hata nikiazimwa baiskeli.

Mwendo_Pole
Dada Gia, shida si spana. Ni spoku yenyewe ikikatika. Nilikatikiwa na moja ya muundo wa kampuni nikiwa mbali na nyumbani, nikaenda duka la baiskeli, wakaniambia wanayo ya urefu wowote nitakaotaka, ila si ya muundo ule. Na ukiwa na spoku 20 huendi popote na 19: ringi ilipinda mpaka tairi likawa linasugua fremu. Ukiwa na 32, unalegeza jirani zake mbili kidogo na unaendesha pole pole mpaka nyumbani.

Dada_Gia
Hapo sikubishii. Ndiyo maana nina spoku mbili za akiba, ya upande wa gia na ya upande mwingine, kwa sababu urefu wake haulingani. Anayenunua magurudumu haya na asinunue za akiba siku hiyo hiyo, anajitafutia.

Kanyagia
Na la tatu? Mbona mmelikwepa.

FundiHabu
Tumelikwepa kwa sababu ni zuri kuliangalia tu. Kila ukitaka kugusa nipeli unatoa tairi, unafuta maji ya kuzibia kama halina tyubu, unabandua utepe, unanyoosha, unabandika utepe mpya. Zaidi ya hapo, tairi likijazwa upepo linaibana ringi na mkazo wa spoku unashuka. Kwa hiyo unanyoosha gurudumu likiwa tupu, na ukilirudishia tairi unakuta mkazo si ule uliouacha. Asiye na kipimo cha mkazo atabahatisha.

Halafu uliza nipeli zake ni za nini. Kaboni na alumini zikigusana penye unyevu na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na ndani ya ringi huoni kitu mpaka kichwa cha nipeli kikatike. Kama unalipenda sana, dai nipeli za shaba. Gramu chache zinazoongezeka hutazihisi.

Spoku_Mbivu
Kuna aliyetumia nipeli zenye gundi ndani? DT Swiss wanaziita Pro Lock. Nasikia hazilegei.

FundiHabu
Nimezifunga. Gundi iko ndani ya uzi wa nipeli, inakauka ukishaingiza spoku. Bado unaweza kunyoosha baadaye, ila mkono unahisi uzito. Lakini elewa zinatibu nini: nipeli hulegea pale spoku inapopoteza mkazo wote gurudumu likizunguka. Ukikuta spoku za upande usio wa gia zinalegea kila mara, kwanza pima mkazo wa upande wa gia. Kwenye gurudumu la nyuma ule upande mwingine mara nyingi unabeba kama nusu tu, kwa hiyo upande wa gia ukiwa legevu, huu unabaki na karibu sifuri. Gundi itaficha hilo, haitaliponya.

Kanyagia
Nachukua la kwanza, na hilo la pili nitalifikiria siku nikiwa na spana na spoku za akiba mezani kabla ya gurudumu lenyewe. Nikilipata nianze na nini?

FundiHabu
Pima nipeli kwa kalipa, kile kipimo cha unene, kabla hujanunua spana. Ukiwa huna kalipa, jaribu ile ndogo kwanza, ya 3.23, ikikataa kuingia ndipo uende kwa kubwa. Kisha kabla hujakaza chochote, tone la oili pale spoku inapoingia kwenye nipeli na jingine pale nipeli inapokalia ringi, uache usiku kucha. Breki zako ni za ringi au za diski? Kama ni za ringi, futa matone vizuri kabla hujatoka.