Mjadala: Sauti ya Camille ikichanganywa na ya mwigizaji, mtazamaji ana haki ya kuambiwa?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kama umewahi kuangalia Ratatouille, ile katuni ya panya mpishi ya mwaka 2007, basi Camille umeshamsikia. Ndiye aliyeimba Le Festin, ule wimbo wa Kifaransa. Jina lake kamili ni Camille Dalmais, mzaliwa wa Paris, 1978.

Kwao Ufaransa sifa yake kubwa haitokani na katuni. Inatokana na mambo anayoyafanya kwa mdomo, kifua na viganja. Sikiliza albamu yake ya 2005, Le Fil. Noti moja tu, ile iitwayo “si” (B), inavuma chini kwa chini tangu mwanzo. Nyimbo zinapita juu yake moja baada ya nyingine, na wa mwisho ukiisha noti ile inabaki inavuma peke yake kwa zaidi ya nusu saa. Unachodhani ni ngoma, mara nyingi ni midomo na pumzi za watu. Mwaka huohuo ikapewa tuzo ya Prix Constantin. Music Hole ya 2008 ilikwenda mbali zaidi: watu wanajipiga vifuani, sauti zinapandishwa juu ya sauti, kuna mahali anabweka na kulia kama paka. Kwa mtu wa namna hii, sauti ndiyo kazi yenyewe.

Sasa hoja. Camille na mwenzake Clément Ducol ndio waliotunga muziki wa Emilia Pérez, filamu ya Jacques Audiard ya 2024. Machi 2025 wimbo wao El Mal ukachukua Oscar. Malalamiko ya Wamexico kuhusu filamu hiyo ni mazito na yanastahili mjadala wake, leo nayaacha. Nataka tuzungumzie koo. Mhusika mkuu aliigizwa na Karla Sofía Gascón, na kuna noti ambazo hakuweza kuzifikia. Cyril Holtz, fundi aliyechanganya sauti za filamu, alieleza mwenyewe kule Cannes Mei 2024 kwamba walitumia akili mnemba kuunganisha sauti ya Gascón na ya Camille ili noti zile zipatikane. Teknolojia ni ya Respeecher, kampuni ya Ukraine. Habari ikapoa hadi Januari 2025, ilipojulikana kwamba filamu nyingine, The Brutalist, nayo iliitumia kampuni hiyohiyo kunyoosha matamshi ya Kihungari ya waigizaji Adrien Brody na Felicity Jones. Hapo ndipo kelele zikaanza.

Msimamo wangu: kuchanganya sauti si dhambi. Lakini anayelipa kiingilio ana haki ya kuambiwa na filamu yenyewe kwamba anachokisikia ni watu wawili, na wa pili ni nani. Asiachiwe kuja kukutana nayo kwenye mahojiano ya mafundi. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, unashtuka kwa jambo la zamani. Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady ya 1964, sehemu kubwa ya nyimbo aliimba Marni Nixon. Natalie Wood kwenye West Side Story ya 1961, Nixon tena. Deborah Kerr kwenye The King and I, Nixon huyohuyo. Sinema ilikufa? Watu waliangalia, wakalia, wakarudi nyumbani wakiimba. Mashine imekuja kufanya vizuri zaidi kile ambacho Hollywood ilikifanya kwa miaka.

Mleta mada

Nashukuru kwa kumleta Nixon, maana kisa chake ndicho kinachonifanya nishike msimamo huu. Yule mama aliwaimbia mastaa watatu na jina lake halikuwekwa kwenye filamu zile zilipotoka. Kwenye West Side Story ilibidi Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki, amkatie kipande kidogo cha mrabaha wake mwenyewe. Watu tunamfahamu leo kwa sababu habari zilivuja. Na sauti yake ilikuwa nzima, mwenye masikio angeweza kusema hapa Hepburn kanyamaza, anaimba mwingine. Ya Camille imeyeyushwa ndani ya sauti ya mtu. Hakuna sikio litakaloitenganisha, kwa hiyo ukweli wote uko mikononi mwa aliyefanya kazi. Ndiyo maana nasema aliyefanya aandike.

Na kuna jambo la tuzo. Hepburn hakuteuliwa kabisa kuwania Oscar kwa kazi ile, wakati filamu ilibeba tuzo nane. Gascón aliteuliwa kuwa mwigizaji bora. Sisemi hakustahili, aliigiza kwa moyo wote. Nasema wapiga kura na watazamaji walistahili kujua wanapima nini.

Mchangiaji wa 2

Mimi naona unambebesha Camille usafi ambao hana. Hiyo Le Fil unayoisifu imejaa sauti yake iliyorekodiwa mara nyingi na kupangwa tabaka kwa tabaka. Mwanadamu hana midomo kumi. Mashine ilikuwepo 2005 na ipo leo.

Mleta mada

Hoja nzuri, na ndiyo inayonifikirisha kuliko zote. Ni kweli studio ni mashine. Lakini kila tabaka la sauti kwenye Le Fil liliwahi kupita kwenye koo la mtu mbele ya kipaza sauti. Alivuta pumzi, akatoa, ikanaswa. Noti ya juu ya Emilia Pérez, katika umbo tunalolisikia, hakuna binadamu aliyewahi kuitoa: si Gascón, si Camille. Hapo kuna mpaka umevukwa, hata kama umevukwa kwa ridhaa ya wote.

Tena kwenye Music Hole kuna wimbo unaoitwa Money Note, ambao Camille anawatania waimbaji wanaoshindana kupanda juu zaidi ya mwenzao, kana kwamba noti ya juu ndiyo fedha yenyewe. Mtu aliyeliona hilo 2008 ndiye ambaye sauti yake imekuja kutumika kumfikisha mwingine kwenye noti asizozifikia. Natamani sana kumsikia akilizungumzia kwa kirefu.

Mchangiaji wa 3

Kaka, mimi naishi Ufaransa, na huku mjadala huu una watu wanaoumia. Alain Dorval alikuwa sauti ya Kifaransa ya Sylvester Stallone kwa miongo kadhaa, akafariki Februari 2024. Januari 2025 likatoka tangazo la filamu ya Stallone likiwa na sauti yake iliyotengenezwa na mashine. Binti yake, Aurore Bergé, ambaye wakati huo alikuwa waziri, akasema hadharani kwamba familia ilikubali jaribio tu. Waigizaji wa sauti wana kampeni yao, Touche pas ma VF (yaani, usiguse toleo langu la Kifaransa), wanadai sheria iwalinde. Camille yu hai, alikuwa ndani ya kazi, alikuwa na nguvu ya kusema hapana. Wale wa kuingiza sauti kwenye tamthilia hawana nguvu hiyo. Ukianza na mastaa utawasahau wanaolipwa kwa siku.

Mchangiaji wa 4

Nyote mnasahau hadithi. Mhusika anabadilika kutoka mwanamume kuwa mwanamke, na sauti yake inabadilika naye. Kuchanganya makoo mawili kulifaa kisanii kuliko kumleta mwimbaji mwingine amfunike Gascón. Na Academy yenyewe, wanaotoa Oscar, ilitangaza Aprili 2025 kwamba kutumia zana hizi hakumsaidii wala hakumuumizi anayewania tuzo. Ukiandika kwenye skrini "noti hii ni ya fulani", umeua mhusika.

Mleta mada

Mchangiaji wa 4, kisanii nakubaliana nawe, na pengine huo ndio uamuzi bora uliokuwepo. Lakini majina ya mwisho wa filamu hayajawahi kuua mhusika. Tunasoma nani alishona nguo na nani aliendesha magari. Mstari mmoja wa aliyechangia sauti unaharibu nini?

Mchangiaji wa 3, umenisogeza. Nilikuwa nawaza haki ya mtazamaji, wewe umeleta haki ya mwenye koo, nayo inatangulia. Basi naongeza: ridhaa iwe ya maandishi, kwa kazi moja moja, na isihesabike kuwa inaendelea baada ya kifo. Wenye uzoefu wa mikataba ya kuingiza sauti, huko Ufaransa au kwetu kwenye tamthilia za kutafsiriwa, tuambieni: je, kwenye karatasi mlizosaini kuna kifungu chochote kinachotaja mashine?