Majirani wa Jericho, Nairobi: zawadi ya kumuaga Madam

Mama Shiru (Mweka Hazina): Wadau, Madam, mwalimu wa shule yetu ya msingi, anastaafu mwezi huu, amefikisha 60. Nimeweka mia tano yangu, wengine mnaangalia tu? Nilifikiria kitenge, keki na kochi la kupumzikia.

Kevo: Kochi? Huyo mama atalikalia saa ngapi? 😂

Baba Salim: Wallahi hakai yule. Januari 2003, Rais Kibaki alipoleta elimu ya msingi ya bure, kijana wangu aliingia darasa la kwanza wako zaidi ya mia. Madam alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Hakufukuza mzazi getini. Alikuja hapa dukani akaniomba kreti za soda, watoto wakakalia hizo.

Mama Otis: Mwaka huo nchi nzima wanafunzi waliongezeka zaidi ya milioni moja. Walimu ni walewale.

Shosho: Ya darasani sawa. Mimi namshukuru kwa makaratasi. Mjukuu wangu alizaliwa nyumbani, cheti hana, nikazungushwa ofisi hadi ofisi. Madam akafungua rejista, akaandika barua, akanishika mkono mpaka kwa chifu.

Kevo: Hata mimi Shosho. Nikitafuta kitambulisho nikaambiwa leta cheti cha shule, na changu kiliungua na nyumba. Alinipata kwa rejista ya zamani, mpaka tarehe niliyohamia pale.

Mama Otis: Hiyo kazi watu hawaioni. NEMIS, ule mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, ilipokuja, mtoto asiye na namba ya cheti cha kuzaliwa hakuhesabiwa, na pesa ya serikali haikumfuata. Ilikuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, lakini kwa shule yetu hiyo ndiyo chaki. Nikiwa kamati ya wazazi, mkutano ukiisha sisi tunakimbilia matatu, yeye anarudi kwa mafaili.

Baba Salim: Tushukuru ile 2009 umri wa kustaafu ulitoka 55 ukawa 60. La sivyo angeondoka 2020, katikati ya korona.

Mama Shiru: Hapo umenena. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 alipita ploti kwa ploti na daftari, "fulani yuko wapi?" Kuna wasichana walikuwa wameshaandikwa kazi za nyumba Eastleigh. Aliwafuata akaongea na waajiri wao, wakarudi darasa la nane.

Brayo: Tuseme ukweli pia, alikuwa mkali. Mimi aliniokotesha takataka uwanja mzima.

Mama Otis: Uliruka ukuta Brayo. Nilikuona.

Brayo: Haya yaishe 🙈

Mama Shiru: Sasa ni kochi ama?

Shosho: Nilimuuliza jana sokoni. Hataki kochi. Anataka kabati la chuma la kufuli, liwekwe ofisini. Rejista za tangu zamani ziko kwa sanduku la mbao na panya wameanza kuzila.

Kevo: Yaani anaenda nyumbani, zawadi inabaki shule?

Shosho: Ndivyo alivyosema. Na usimbishie, unamjua.

Baba Salim: Kamukunji wanatengeneza. Kuna fundi ananiuziaga masanduku ya wanafunzi, nitamuuliza bei jioni. Mwambieni aweke rafu pana, zile rejista ni kubwa.

Kevo: Na litafika aje? Mkokoteni Jogoo Road yote?

Baba Salim: Pikapu ya shemeji Jumamosi, ikishashusha mkate. Nipeni vijana wawili wa kubeba.

Mama Shiru: Brayo na Kevo. Baba Salim yako imeingia, asante. Kevo, mia tano yako bado.