Kuchomelea difu ya mbele ya Hilux LN106: yafaa au ni kujitafutia kazi?

mwana_jomvu

Assalaam aleikum wakuu. Gari ni Hilux LN106, injini aina ya 3L, ekseli ya mbele ni moja nzima, friwili (vifaa vya kuunganisha tairi la mbele na shafti yake) za kuzungusha kwa mkono, matairi inchi 31. Labeba mawe ya kujengea upande wa Kinango, na masika yakishika lile tope huwa gundi: mbele tairi moja lazunguka bure, nyuma vilevile moja, na yale mengine mawili yaangalia tu. Fundi ashauri tuchomelee difu ya mbele, yaani zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili zishikane yazunguke pamoja. Hoja yake ni kwamba ya nyuma ukiichomelea italia na kula matairi kila kipilefti, lakini ya mbele haina neno kwa vile kwenye lami friwili zafunguliwa.

Nataka kujua itadhuru nini, na kama itafanywa, ifanywe vipi isije ikapasuka wiki ya pili.

---

difu_na_gia

Waaleikum salaam. Fundi amekwambia nusu ya kweli. Friwili zikiwa zimefunguliwa na mkono uko H2 (yavuta ya nyuma tu), difu ya mbele hata ukiijaza saruji gari halitajua. Mambo yaanza ukizifunga.

Chukua kona ya nyuzi 90. Kati ya matairi mawili ya mbele kuna karibu mita 1.4, kwa hiyo la nje lasafiri mita 2.2 zaidi ya la ndani, kona iwe pana iwe ya kubana. Mzingo wa tairi la inchi 31 ni mita 2.47 hivi. Basi kila robo duara tairi la nje lataka kumpita mwenzake karibu mzunguko mzima, na difu iliyochomelewa hairuhusu. Kwenye tope tairi hunyiririka kidogo, yakaisha. Kwenye murram mkavu au mwamba halinyiririki: shafti zajikamua kama nguo, usukani wajinyoosha wenyewe mikononi, na gari lakwenda mbele wakati wewe umekata kulia.

Cha kwanza kukatika ni jointi ya Birfield, ile ya nchani mwa shafti ya mbele inayopinda ukikata kona. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa, na tairi linaloteleza ndilo linaloweka kikomo kwa yote mawili. Ukiifunga, tairi moja likining'inia, nguvu yote ya ekseli yaingia shafti moja. Na jointi hiyo hudhoofika kadiri usukani unavyokatwa. Ikiwa imenyooka ni ngumu sana, ila ukikata hadi mwisho zile golori sita zasukuma ukingo wa kikombe, na kikombe hupasuka mdomoni. Dalili yake ni tak-tak-tak ukikata kona na fowili (matairi yote manne yavuta) imeshikwa, kisha mlio mmoja mkubwa, kisha kimya.

Lakini kosa la fundi ni jingine: hili ni gari la mzigo. Mawe yamelala juu ya ekseli ya nyuma, na mlimani uzito wazidi kurudi huko. Mshiko uko nyuma, yeye ataka kufunga mbele palipo pepesi. Kwa gari lako, kama ni difu moja tu itakayofungwa, ni ya nyuma, na kwa kifaa kinachofunguka.

---

chuma_moto

Nakubaliana na huyo wa juu, ila watu watachomelea tu, basi nieleze inavyofaa.

Usichomelee ndani ya kasha lako la asili, lile linalobeba gia za ndani za difu. Tafuta kasha bovu la aina ileile kwa wauza chuma chakavu, na spaida zake (gia ndogo za ndani), ulihamishie krauni yako (gia kubwa ya pete). Ukijuta warudisha la zamani. Spaida zilizochomelewa hazifunguki tena.

Kutoa: mwaga oili, fungua kifuniko cha friwili, toa klipu iliyo nchani mwa shafti. Washa za koni ni sita kila upande na hazitoki kwa kuvuta. Gonga kwa kipande cha shaba mpaka ziruke. Nati ya habu yataka soketi ya milimita 54. Kalipa itundike kwa waya, usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Spindeli ina bolti 8. Jointi ina sehemu mbili bapa: zielekeze juu na chini, ndipo itapita kwenye kifundo, ile nyumba ya jointi inayogeuka na tairi. Ikigoma usiilazimishe kwa nyundo, izungushe. Kisha shafti ya propela, kisha nati za kichwa cha difu. Kabla ya kufungua vifuniko vya beringi vitie alama kwa senta panchi, kushoto na kulia. Vikibadilishana mahali, beringi haikai sawa tena.

Toa krauni na beringi kwenye kasha. Moto usizifikie. Osha gia kwa mafuta ya taa mara mbili tatu, halafu asetoni, halafu pasha moto mpaka zisitoe moshi, maana oili huwa imejificha nyuma ya washa. Usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Weldi huigeuza fosjini, na hiyo ni gesi ya kuua.

Meno ya spaida ni chuma kilichogandishwa ugumu juu. Ukiyapiga rodi ya kawaida ya 6013 yakiwa baridi, weldi itapendeza macho na itapasuka pembeni yake, wakati mwingine usiku ikiwa juu ya meza. Pasha hadi nyuzi 200 au 250, tumia rodi ya 7018, au 312 ya stenlesi ambayo huvumilia chuma kigumu. Na hapa Mombasa rodi ndizo zinazowaangusha wengi: 7018 ikitoka kwenye pakiti yapasa kutumika ndani ya saa 4, au ikae kwenye oveni ya nyuzi 120. Iliyolala dukani pakiti wazi imeshakunywa unyevu wa bahari. Unyevu ule ndio unaotoa hidrojeni, na hidrojeni ndiyo inayopasua. Kuirudisha yataka nyuzi 260 hadi 430 kwa saa 2. Kuanika juani ni kujidanganya.

Gia za pembeni zikae mahali pake bila kucheza. Jaza bonde kati ya meno ya spaida na meno ya gia za pembeni. Piga kipande kifupi upande huu, geuza, piga upande wa pili, ili kasha lisipinde. Lenyewe usilichomelee, chuma chake cha kumimina hakipendi. Kibanio cha athi (waya wa kurudishia umeme wa weldi) kishike gia yenyewe. Ukimaliza, lizike kwenye jivu kavu au chokaa mpaka asubuhi. Maji hapana.

Likipoa jaribu shafti kwenye meno ya ndani ya gia za pembeni, kwa sababu joto huyabana. Ondoa maganda yote ya weldi kwa patasi na brashi ya waya, osha tena. Ganda moja likiingia kati ya krauni na pinioni (gia inayoizungusha), kazi yote imekwenda. Uchezaji wa krauni ni milimita 0.13 hadi 0.18, upimwe kwa saa ya kupimia. Kidole hakipimi hicho.

---

chumvi_na_kutu

Nyongeza mbili.

Ya kwanza: ushauri huu ni wa gari lenye friwili za mkono peke yake. Mtu wa Land Rover Defender asiusome akaenda kununua rodi. Ile ni fowili saa zote, haina friwili, na difu ya mbele ikichomelewa usukani utapigana nawe kwenye lami siku zote.

Ya pili ni ujanja ambao difu ya kawaida haina. Difu ikiwa imechomelewa waweza kufunga friwili moja tu. Tairi moja la mbele litavuta na usukani utakatika vizuri, ingawa gari litavutia upande kidogo. Kwa difu ya kawaida ukifanya hivyo mbele hupati kitu, nguvu yote yakimbilia upande uliofunguliwa. Kwa njia ya kona nyingi nafunga moja, ya pili nashuka kuifunga nikishanasa.

Lakini friwili lazima ifunguke kweli. Hewa yetu ya chumvi huigandisha: kidude chageuka mpaka FREE, ndani meno bado yameshikana. Zikishikana mbili na difu imechomelewa, utaijua kwenye kona ya kwanza ya lami. Zifungue mara kwa mara, osha, paka grisi nyembamba. Ukiishindilia grisi nzito yakwama vilevile.

---

mwana_jomvu

Shukran sana. Kwa hiyo mbele tuiache. Nyuma nitie nini? Kuna mtu aniuzia difu ya Land Cruiser yenye loki ya umeme (kifaa cha kuifunga na kuifungua difu), asema yaingia moja kwa moja.

---

difu_na_gia

Haiingii moja kwa moja. Hata ile ya inchi 8 yenye loki ya umeme yataka nyumba ya ekseli ikatwe kupisha mota, na stadi (bolti zisizo na kichwa) zihamishwe. Yafanyika, lakini si kazi ya alasiri moja.

Njia safi ni loki ya hewa kama ARB: kasha jipya, kompresa ndogo, swichi. Wafunga tope likianza, wafungua ukitoka. Njia ya bei ya chini ni loki ya kujifunga yenyewe, kama Lock-Right, inayokaa ndani ya kasha lako badala ya spaida. Hiyo hufunguka kwenye kona ukiachia mafuta, hushika ukikanyaga. Itagonga kidogo kwenye kipilefti, usishtuke. Mvua ikinyesha lami ikiteleza, gari likiwa tupu, usikanyage katikati ya kona.

Na kabla ya kununua chochote, upepo wa matairi. Gari tupu kwenye tope au mchanga, shusha hadi psi 18, uone. Likiwa na mawe usishuke hivyo, ukuta wa tairi utakatika.

Chunguza pia kifundo cha mbele. Kukiwa na supu nyeusi inayotiririka badala ya grisi, oilsili ya ndani ya shafti imekufa na oili ya difu yaosha Birfield. Jointi kavu hukatika hata difu isipofungwa.

---

chuma_moto

Kwa atakayechomelea hata hivyo: jaribu gari likiwa juu ya stendi, matairi yote mawili ya mbele hewani, friwili zimefungwa, mkono H2. Zungusha moja kwa mkono, la pili lifuate papo hapo, upande uleule. Usijaribu kwa injini huku tairi moja limegusa chini. Hilo moja latosha kulirusha gari kutoka kwenye jeki. Oili ni GL-5 80W-90 mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia. Imwage baada ya kilomita 500 uangalie sumaku ya bolti: unga mweusi ni kawaida, vipande vinavyong'aa ni weldi yako inarudi.