Wenye vituo vya ushauri nasaha, tovuti zenu zinafukuza wagonjwa na wala hamna habari!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Hivi nyie wenye vituo vya saikolojia na ushauri nasaha hapa Dar, mara ya mwisho kufungua tovuti zenu wenyewe ni lini? Sisemi kwenye kompyuta ya ofisini yenye waifai. Nasema kwenye simu ya bei chee, kioo kimepasuka, bando la usiku, saa saba, na anayetafuta hana hata nguvu ya kuongea.

Mdogo wangu amejifungua mwaka huu na hali yake si nzuri. Halali hata mtoto akilala, machozi hayakauki, kumshika mwanawe hataki. Nyumbani huyu anasema karogwa, yule anasema anadeka. Nimembembeleza weee, hadi usiku mmoja akasema, "Haya dada, nitafutie huyo mtu wa kuongea naye." Aliyewahi kuishi na mtu mwenye sonona anajua kauli hiyo ni ya kudaka palepale. Kukicha anaweza kuikana.

Nikaingia kwenye tovuti ya kituo ambacho watu wanakisifia, na kwa kazi yao sina sababu ya kubisha. Linafunguka lipicha la mama wa Kizungu kwenye kochi jeupe, linashuka kidogo kidogo huku MB zinateketea. Kitufe cha kuweka miadi kipo, ila kale kaduara ka WhatsApp kamekikalia juu. Ukigusa miadi unapelekwa WhatsApp, na namba yenyewe haimo WhatsApp. Namba ya simu nayo imechorwa ndani ya picha: huwezi kuigusa ikapiga, huwezi kuinakili. Nikatafuta kalamu. Asubuhi napiga, anapokea kaka mmoja: "Dada, hapa tunauza vipuri. Kila siku mnanipigia, wengine wanalia kabisa, mimi niwaambie nini?"

Someni tena hapo. Wengine wanalia. Muuza vipuri anajua wagonjwa wenu wanaowatafuta kuliko nyie.

Ukurasa wa wataalamu ndiyo usiseme. Mtaalamu wa akina mama ana picha nzuri na orodha ya vyuo alivyosoma, kumbe alishahamia Mwanza zamani. Bei hakuna. Bima mnapokea au hampokei, hakuna. Ukichagua Kiswahili unakuta yale maneno ya Kilatini ambayo mafundi wa tovuti huweka kujazia nafasi wakati wa ujenzi. Chini kabisa ya ukurasa, mwaka ulioandikwa: 2017.

Sasa njooni kwenye fomu, maana hapo ndipo damu ilinichemka. Jina kamili, simu, mtaa, dawa unazotumia, halafu: umewahi kujaribu kujiua? Lini? Na juu kabisa kivinjari kimeandika kwamba tovuti hii si salama! Kwa wasiofuatilia mambo haya: tovuti ambayo anwani yake haianzi na https inasafirisha ulichoandika kikiwa wazi, na mtu mwenye ujuzi aliye kwenye waifai hiyohiyo anaweza kukisoma. Kivinjari cha Chrome kilianza kuzitia alama tovuti zote za namna hiyo Julai 2018. Cheti cha kuondoa tatizo kinatolewa bure na shirika la Let's Encrypt tangu 2015, kwa hiyo msiniambie habari za bajeti. Na kwenye nchi hii kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Swali zito kiasi hicho ni la kuulizwa chumbani, mlango umefungwa, na mtu aliyesomea. Linafanya nini kwenye fomu ya kuomba miadi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Wenzenu huko Marekani, BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, mwaka 2023 walikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya tume ya biashara ya huko kuwashika wakipeleka taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Muulizeni fundi wenu ameweka vifuatiliaji gani humo ndani, yaani vile vijiprogramu vya kumchunguza anayetembelea tovuti. Naweka dau, hamjawahi kumuuliza.

Najua kuna fundi ataruka hapa kusema "muonekano wa tovuti yao umepitwa na wakati, ijengwe upya". Mkuu, kaa chini. Rangi kuchosha siyo sababu ya kujenga upya. Mshindani kuweka video siyo sababu. Namba mbovu au jina la mtaalamu aliyeondoka hurekebishwa leo hii, kazi ya dakika kumi. Ila kama dakika kumi hizo huwezi kuzifanya kwa sababu neno la siri analo kijana aliyejenga na hapokei simu, au anwani yenyewe ya .co.tz imesajiliwa kwa jina lake, basi tovuti ni ya kwake, siyo yako. Hapo jenga upya, na safari hii kila kitu kiwe kwa jina la kituo. Kadhalika kama ilijengwa kwa ajili ya kompyuta na kwenye simu mtu anavuta kushoto kulia ndipo asome sentensi, viraka havitasaidia.

Mkitaka ushahidi zaidi kaeni na dada wa mapokezi. Anaulizwa nini kila siku? Kama ni mpo wapi, bei gani, bima gani, jueni tovuti haifanyi kazi. Na je, yupo hata mteja mmoja aliyefika bila kuelekezwa na mtu?

NYONGEZA: Wanaosema "mambo haya ni ya kuelekezana, tovuti ya nini", ni kweli mdogo wangu tumempatia msaada kupitia nesi wa kliniki ya mtoto. Lakini ukitafuta fundi wa gari unauliza jirani bila wasiwasi. Ukitafuta mshauri wa akili, jirani ndiye usiyetaka ajue, shemeji ndiyo kabisa. Ndiyo maana watu wanatafuta usiku, kimyakimya, kwenye simu.

Jina la kituo siweki, msinifuate PM. Nimewaandikia kwa barua pepe iliyo kwenye tovuti yao, imerudi: sanduku limejaa. Nimeichapisha kwenye karatasi, Jumatatu naipeleka mapokezi kwa mkono.