RAV4 ya kwenda Upareni: nibaki na 225/65R17 au niongeze saizi? Na upepo niweke ngapi?

Mwana wa Milimani

Wakuu, habari za mchana. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Nina RAV4 ya 2008, ile ACA31, injini ya 2.4, fowili (injini inasukuma magurudumu yote manne). Nakaa Kimara, kila siku gari inakwenda kazini na kurudi. Lakini mara tano au sita kwa mwaka napanda nyumbani Upareni kumwona mama: lami mpaka Same, halafu vumbi na mawe kupanda mlimani. Ndani tunakuwa watu wanne, mafuta ya kula, pengine mfuko wa saruji, na wakati wa kurudi ndizi na maharage.

Pasaka iliyopita nilipata pancha mbili siku moja. Ya kwanza msumari tu, ikazibwa. Ya pili jiwe lilichana ubavu wa tairi la nyuma kushoto, na fundi wa kijijini akaniambia ukweli kwamba ubavu hauzibwi. Nikafunga spea. Usiku naiangalia kwa tochi ya simu, nakuta imeandikwa DOT 0911, ile alama ya tarehe ya kutengenezwa, kumbe ni ya zamani. Nilishuka nayo mpaka Same kwa mwendo wa 40, watoto wako nyuma, roho mkononi.

Sasa nataka kubadilisha yote. Tairi za sasa ni 225/65R17. Duka la kwanza wananiambia 235/65R17 inaingia bila shida. La pili wanasema nichukue 225/70R17, gari itanyanyuka. La tatu wana mtumba wa bei nzuri, mbili mbili tofauti.

Na upepo kila kijiwe kina namba yake. Nimejaziwa 35, nimejaziwa 40, mmoja akaweka 45 "ili ibebe mzigo". Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa Kijapani, ninachoelewa ni 220 kPa tu.

Natanguliza shukrani.

---

Fundi Rimu

Pole kwa yaliyokukuta, mkuu. Ahsante kwa kuuliza kabla ya kununua, maana wengi huja kwetu wameshafunga.

Soma hiyo saizi hivi: 225 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana, 17 ni rimu kwa inchi. Ubavu wako una milimita 146. Ukijumlisha ubavu wa juu, wa chini na rimu, tairi zima lina kimo cha milimita 724. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha nayo.

235/65R17 ina kimo cha 737, imezidi kwa 13. 225/70R17 ni 747, imezidi kwa 22 na ushee. Aliyekwambia gari itanyanyuka hajakudanganya, ila hakukwambia itanyanyuka kiasi gani. Gari hunyanyuka kwa nusu tu ya hilo ongezeko, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa 225/70 unapata sentimita moja na kidogo chini ya gari. Kwa sentimita hiyo moja tairi linasogelea kikombe cha springi ya mbele, gari inakuwa nzito kuondoka, na mshale wa spidi unabaki nyuma kwa asilimia 3. Dashibodi ikisoma 50, wewe uko 51 na nusu. Magari mengi mshale wake unazidisha kidogo kutoka kiwandani, kwa hiyo tochi ya trafiki isikutishe sana. Tishika na kupanda mlima ukiwa na saruji.

Kwa matumizi yako mimi ningebaki 225/65R17, ila ningebadilisha aina. Mjini watu hufunga H/T, ya lami. Wewe tafuta A/T, ya lami na vumbi, yenye kashata (meno ya tairi) nene na ubavu ulioimarishwa. Tairi lako halikuchanika kwa kuwa fupi. Lilichanika kwa sababu ubavu wake ni wa lami.

Angalia pia namba inayofuata saizi, mfano 102T. 102 maana yake tairi moja linabeba kilo 850, na T ni mwisho wa spidi, 190 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito ambayo gari ilikuja nayo.

---

Safari Ndefu

Mimi natofautiana kidogo na fundi. RAV4 yangu ni kama yako na ina 235/65R17, mwaka wa tatu huu. Mjini haina neno. Ila niseme yote: nikipakia watu watano na mizigo, nikikata usukani mpaka mwisho kwenye korongo, tairi la mbele linagusa plastiki ya ndani ya bampa. Nilikwangua ile plastiki kidogo, bado siku mojamoja naisikia.

Mafuta yameongezeka, sikupima kwa namba. Nikinunua tena nitarudi saizi ya kiwandani.

---

Mama Wawili

Kaka, kuhusu mtumba nisikilize mimi niliyeumia.

Nilinunua matairi mawili kwa bei ambayo niliona nimebahatika. Kashata zimejaa, zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa. Nikafunga nyuma, mbele nikabaki na yangu ya zamani. Baada ya miezi gari ikaanza kunguruma chini, nikikata kona kali maegeshoni nasikia inajivuta kama imefungwa kamba. Fundi alipofungua, kapolingi ya difu ya nyuma, kile kiungo kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, imekwisha. Akapima matairi: ya nyuma niliyonunua kimo kimezidi, ya mbele yamelika. Kwa gari yenye fowili inayojiingiza yenyewe, mbele na nyuma zikizunguka kwa idadi tofauti, kompyuta inadhani tairi linateleza, na ile kapolingi inafanya kazi muda wote hata kwenye lami kavu. Bei niliyolipia difu ningenunua matairi manne mapya na chenji ikabaki.

Kwa hiyo manne, aina moja, siku moja. Halafu uwe unayahamisha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 yalike sawasawa.

Na ile DOT: tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Spea yako ilitengenezwa wiki ya 9 ya 2011. Hata kama haijawahi kugusa chini, mpira umezeeka ukiwa unaning'inia juani mlangoni. Dukani geuza kila tairi usome mwenyewe. Mimi nilioneshwa moja, yakafungwa mengine.

---

Mwana wa Milimani

Dada, nashukuru sana, umeniokoa. Lile duka la tatu nimelifuta.

Fundi, nimeelewa saizi. Na upepo je? Na hii nitrojeni wanayouza, ina maana?

---

Fundi Rimu

kPa na psi vyote ni vipimo vya upepo, na namba za vijiweni ni psi. 220 kPa ni psi 32. Gawanya kPa kwa 6.9 utapata psi, ukumbuke hivyo kokote uendako. Hiyo ndiyo namba yako, tairi likiwa baridi, yaani asubuhi kabla hujatembea, au gari imepumzika kwa muda wa saa tatu.

Makosa yanaanzia hapo kwenye baridi. Unatoka Kimara umekula foleni, unafika kwenye pampu tairi limepata moto, geji inasoma 35 au 36. Kijana anakupunguzia mpaka 32. Kesho asubuhi lina 28 na wewe unaanza safari ya Same. Tairi lenye upepo pungufu linakunjika ubavu kila mzunguko, linapata moto kwa ndani, na pale tambarare ya Mkomazi, Hedaru na Makanya saa nane mchana, lami inachemka, mzigo umejaa, ndipo linapasuka. Usipunguze upepo wa tairi la moto hata siku moja.

Ukiwa na watu wanne na mzigo, ongeza psi 2 au 3 nyuma. 45 ni kosa. Tairi linakuwa gumu kama ngoma, linagusa barabara kwa katikati tu, breki kwenye mvua zinapungua, na jiwe likiligonga haliwezi kubonyea, linakatika. Tazama matairi yako ya zamani: yakilika katikati, ulikuwa unazidisha, yakilika pembeni kote kuwili, ulikuwa unapunguza, yakilika upande mmoja, peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe.

Nitrojeni haina madhara, ila hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78 tayari. Hiyo hela nunua geji yako. Geji za vijiweni zimeangushwa mara nyingi.

---

Dereva wa Kaskazini

Nimeendesha wageni mbugani miaka mingi, niongeze la mawe.

Alilokataza fundi ni la lami na spidi, kwenye mawe na mwendo mdogo ni tofauti. Ukifika Same, kabla hujaanza kupanda, shusha mpaka 27 au 28. Tairi litayafunika mawe badala ya kuyapiga, na kashata zitashika. Ukishashusha, mwendo usizidi 40, na usikate kona kwa nguvu. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kushika spidi. Hili la mwisho ndilo linaloua watu: mtu anashusha, anachoka, anasema nitajaza mbele. Kama huna pampu yako ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, usishushe kabisa, baki na 32 uende taratibu.

Halafu kuna njia ambayo hujaambiwa. RAV4 za kizazi hicho zenye 2.4 nyingine zilitoka kiwandani na rimu 16, tairi 215/70R16. Ukipata rimu 16 za RAV4 hiyohiyo, weka 225/70R16. Kimo chake ni 721, tofauti na chako milimita 3 tu, mshale hausogei. Lakini ubavu unakuwa 157, umeongezeka milimita 11 za mpira kati ya jiwe na rimu. Ukitaka kinga ya mawe, iko hapo, haiko kwenye 225/70R17. Rimu za gari jingine zenye nati tano zinaweza kuingia, lakini kina chake kikawa tofauti, tairi likachomoza nje au likagusa shokapu.

Usikubali pia tairi za Hiace, zile zenye herufi C. Zimejengwa kwa upepo mwingi na mzigo mzito. Kwenye RAV4 zitakutikisa meno.

---

Fundi Rimu

Naunga mkono hili la rimu 16, nilisahau. Kama bajeti inaruhusu, ni bora kuliko nililosema. Kama hairuhusu, 225/65R17 A/T na mwendo wa pole.

---

Mwana wa Milimani

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Rimu 16 nilizozipata zilikuwa tatu, moja imepinda, nikaziacha. Nimefunga 225/65R17 A/T, 102T, matano pamoja na spea. Nilisoma DOT ya kila moja nikiwa nimechuchumaa, muuzaji akawa anacheka, ila moja ilikuwa na miaka minne na akaibadilisha bila ubishi.

Asubuhi ya safari niliweka 32 mbele, 35 nyuma. Tulipokula Mombo nikapima kwa kutaka kujua tu: nyuma 39. Nikakumbuka maneno ya fundi, sikugusa. Same nikashusha yote mpaka 28. Ile sehemu ya mawe ambayo huwa inarusha gari, safari hii mama mkwe alikuwa amesinzia. Kurudi nilijaza na pampu yangu, dakika kama 20 kwa yote manne, watoto wakihesabu namba zikipanda.

Kwenye lami mlio umeongezeka kidogo, nausikia kuanzia 80.

Dada Mama Wawili, fundi wangu amenionesha kapolingi ya difu, bado nzima. Naendelea kutafuta hizo rimu 16. Mwenye nne zilizonyooka, niko Kimara.