MJADALA: Simu zetu zipime mionzi, lakini takwimu ziwe za nani?

Wadau, je, simu na vifaa vidogo tunavyobeba viunganishwe viwe mtandao mmoja wa kusaka mionzi ya nyuklia katika eneo pana? Wapo wanaosema ni kinga ya umma, wapo wanaosema ni njia nyingine ya kutufuatilia. Mimi nasema viunganishwe, ila kwa sharti.

Wazo si geni. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza mfumo wa simu zenye vitambuzi, na jaribio lao chuoni lilinasa chanzo dhaifu cha mionzi kilichokuwa umbali wa mita zisizofika 5. Simu moja ikipiga kengele haithibitishi kitu. Huenda amepita tu mgonjwa aliyetoka kupewa dawa yenye mionzi hospitalini. Lakini simu nyingi zikipita mahali palepale kwa nyakati tofauti, na zote kipimo kikapanda zinapokaribia na kushuka zinapoondoka, seva inaweza kukadiria chanzo kilipo. Ukaribu ndio kila kitu hapa: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya mionzi inabaki robo. Kwa hiyo kituo cha serikali kilichosimama mahali pamoja, hata kiwe cha gharama gani, hakitaona kipande cha sisiamu-137 (metali yenye mionzi mikali) kilichofukiwa kwenye vyuma chakavu mtaa wa mbali.

Kumbukeni Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Chanzo cha sisiamu kilichukuliwa kwenye kliniki iliyohamwa, kikauzwa kama chuma chakavu, unga wake unaong'aa gizani ukagawiwa ndugu na majirani. Mabaki yalipelekwa kituo cha afya ndani ya mfuko, kwa basi la abiria! Zilipita takribani wiki mbili kabla ya yeyote kujua ni nini. Watu 4 walifariki, na zaidi ya 110,000 walilazimika kupimwa. Vifaa vichache tu mifukoni mwa wapita njia vingepunguza siku hizo.

Wanaosema simu ya kawaida haitoshi, hapo wana hoja. Kamera ikifunikwa isipate mwanga huonyesha vidoa vyeupe miale ya gama (aina ya mionzi ya nyuklia) inapoigonga, lakini kwa mionzi hafifu inachukua muda mrefu mno kutoa jibu la kuaminika. Kinachohitajika ni kitambuzi chake maalumu kinachozungumza na simu. Mwaka 2016 DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, lilijaribu vya namna hiyo 1,000 jijini Washington, kwa hiyo ufundi si kikwazo tena.

Hoja ya kwamba wananchi wakiona takwimu watapata taharuki siikubali kabisa. Machi 2011, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, serikali ya Japani ilikuwa na makadirio ya kompyuta kuhusu upepo unakopeleka mionzi, haikuyatoa mapema. Watu wa mji wa Namie, karibu na mtambo, wakakimbilia eneo la Tsushima, kumbe ndiko wingu lilikoelekea. Familia zilikaa huko na watoto zikidhani zimesalimika. Mwaka huohuo raia walioanzisha mradi wa Safecast walifunga vipimo kwenye magari, wakapima barabara kwa barabara na kuweka matokeo wazi kwa kila mtu.

Sharti langu ndilo hilo: vipimo viwe wazi kwa umma papo hapo, visipitie kwanza meza ya mkubwa yeyote. Na simu itume kipimo, mahali na saa tu, bila namba ya mwenyewe. Hata hivyo, mfululizo wa nukta kutoka nyumbani hadi kazini unamtambulisha mtu bila jina lake, kwa hiyo kila nukta itumwe peke yake, isiunganishwe na iliyotangulia, na mwenye simu awe na uhuru wa kuzima.

Mnaotaka takwimu zibaki serikalini, naomba mnijibu: siku mtambo unavuja, nani ataamua wananchi waambiwe saa ngapi, na akichelewa atawajibishwa na nani?